Supagari zinazodharauliwa: ipi ingeweza kuishi Mwanza?

#1 JiweLaBismarck

Wakuu, nyuzi za supagari humu huishia kwenye majina mawili ya Kitaliano na picha za Dubai. Leo tuzungumzie zile zisizopigiwa kelele, tena tuzipime kwa mazingira yetu: mlima wa Isamilo, matuta kila hatua, vumbi la Buhongwa, foleni ya Kenyatta saa nane mchana, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi.

Kura yangu ni Lotus Evora, iliyotoka 2009. Injini yake ni 2GR-FE, V6 ya lita 3.5, ile ile iliyomo kwenye Vanguard ya 3.5, Harrier 350 na Alphard 350. Waingereza waliichukua kwa Toyota, wakailaza nyuma ya viti, wakaiandikia programu yao ya kompyuta, ikatoa farasi 280 kwenye gari ya kilo 1,380 hivi. Alphard yenye injini hiyo inakaribia tani mbili. Gia ni sita, za mkono, na boksi lake pia asili yake ni Toyota. Taimingi ni ya cheni, si mkanda. Kwa hiyo fundi aliyeifungua 2GR ya Harrier haanzi sifuri.

Kwa nini ilidharauliwa? Watu walisikia "injini ya Camry" wakaguna, wakaenda kwa Porsche. Ndiyo maana iliyotumika haikupanda bei kama wenzake.

Ubaya wake nautaja mapema. Chasisi ni vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi ya epoksi na riveti. Haichomelewi. Mtu wa gesi akiigusa, joto linaua gundi ya kiungo kizima na gari imekwisha hata kama kwa macho inaonekana imepona. Ikipigwa jeki mahali pasipo pake, ndivyo hivyo. Na klachi siyo kazi ya mchana mmoja: injini na gia lazima vishuke kutoka chini, kwa hiyo ukiinunua uliza klachi ilibadilishwa lini kabla ya kuuliza rangi.

#2 SangaraMbichi

Injini ya Vanguard ndiyo supagari? Haya, kesho tutaambiwa Noah nayo ni ya mashindano 😂

#3 KamshaftiMbili

Sangara, cheka taratibu. Supagari si idadi ya silinda. Ni gari iliyopangwa kuanzia chini kwa ajili ya dereva: uzito uko katikati ya magurudumu, usukani unakwambia tairi la mbele linakanyaga nini, na injini inajibu mguu papo hapo. Farasi 600 unaweza kuzitia kwenye gari nzito na bado ukawa unaendesha kabati.

Tena ukitaka kucheka zaidi, kuna Lotus Elise ya kuanzia 2004. Injini yake ni 2ZZ-GE, lita 1.8, ambayo ipo kwenye Celica na kwenye Runx, Allex na Fielder zile za "Z". Kwa Toyota inatoa farasi 190. Ndani ya Elise yenye kilo kama 860 hesabu zinabadilika kabisa. Kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, ina pembe mbili kwa kila jozi ya valvu, ndogo na kubwa. Ikifika mizunguko 6,200 hivi oili inasukuma pini, valvu zinahamia kwenye pembe kubwa, na mlio unabadilika kama mtu amefungua mlango wa disko. Kwenye Elise gia ya kwanza unafika hapo ukiwa karibu na kilomita 50 kwa saa. Yaani utamu wote unaupata ndani ya sheria ya mjini. Supagari ya farasi 600 ukiwa na 50 bado imelala.

#4 DadaWaGereji

Hapo kwenye 2ZZ niongeze, maana wengi wananunua Runx Z wakidhani inafanya kazi yote kumbe nusu ya injini imekufa.

Dalili: inapita 6,000 bila mlio kubadilika, halafu inachoka kadiri inavyoelekea 8,000. Kabla ya kufungua kitu:

Kwanza, pima oili. Injini hii inachukua lita 4.4 pamoja na filta, na ikipungua lita moja inaweza kugoma kuhama. Pili, iache ipate moto. Maji yasipofika nyuzi 60 kompyuta hairuhusu kabisa. Tatu, kwenye ubavu wa silinda hedi kuna kijichujio kidogo cha chuma kinacholinda valvu ya oili ya mfumo huo. Gari iliyolala na oili moja kilomita 10,000 na zaidi, kijichujio hicho kinakuwa na tope jeusi. Kitoe, kioshe kwa petroli, kirudishe.

Vyote vikiwa sawa ndipo ufungue kifuniko cha valvu. Shafti za roka zimeshikwa na boliti maalumu ambazo pia zinapitisha oili. Boliti za injini za mwanzo zililika: utakuta shingo imechimbika upande mmoja kama imepigwa tupa, au imekatika kabisa. Shafti ikishazunguka kidogo, tundu la oili halikutani tena na njia yake. Dawa ni boliti za toleo la baadaye, zote mbili kwa pamoja, na gasketi mpya ya kifuniko. Spea yenyewe si ghali. Ghali ni kununua injini nzima kwa kutojua boliti mbili.

Kitu kingine: ukitoka gia ya tatu ukakosea ukaingia ya pili badala ya ya nne ukiwa juu, meno ya pampu ya oili yanapasuka. Na silinda zake zina ukuta wa alumini iliyochanganywa na nyuzi ngumu. Hazichongwi ovasaizi pale kwa fundi wa leizi kama silinda za chuma cha kawaida. Zikikwaruzika, tafuta bloku nyingine.

#5 SangaraMbichi

Nimenyamaza. Endeleeni 🙌

#6 Mkolani_Turbo

Mnasahau kitu kimoja. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, na mji wetu wote uko juu ya hapo. Hewa ni nyepesi kuliko Dar. Injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa hiyo hiyo Evora ya 280 ikifika Mwanza ni ya 250. Yenye turbo inafidia, kwa sababu inasukuma hewa yenyewe. Ndiyo maana mimi kura yangu ni Nissan GT-R R35. V6 ya lita 3.8, turbo mbili, farasi 480 ilipotoka 2007 na 570 kuanzia modeli ya 2017, magurudumu yote manne yanavuta. Mvua ya Machi ikinyesha hapo Mkuyuni, nani anakupita?

#7 KamshaftiMbili

Mvua ya Machi Mkuyuni wanaokupita ni bodaboda.

Ila kwa hewa uko sahihi, na niongeze upande wa pili. Turbo inafidia kwa kuzunguka zaidi, na ikizunguka zaidi hewa inayotoka ni ya moto zaidi. Hewa ya moto pamoja na petroli ya okteni ndogo (yaani inayojiwasha mapema kabla ya cheche) ndiyo inayoleta kugonga ndani ya silinda. Kompyuta ikisikia kugonga huko inachelewesha cheche ya plagi, nguvu inashuka, na yale uliyofidiwa yanarudi yalikotoka. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani na kibandiko cha petroli ya juu zinategemea okteni isiyopungua 96; petroli yao ya kawaida ni 89. Soma kibandiko kwenye kifuniko cha tenki, halafu uliza kituo wanauza namba gani. Vichupa vya kuongeza okteni vyenye madini ya chuma viepuke: ukitoa plagi ukaikuta ina rangi ya kutu nyekundu, ujue ndicho kilichokuwa kinamiminwa, na plagi hizo zitakosa cheche.

#8 JiweLaBismarck

Mkolani, R35 ni gari kubwa sana lakini nani anaidharau? Imetengenezwa mpaka 2025 na kila mtoto anaijua. Pia boksi lake la gia liko nyuma kwenye ekseli, klachi mbili, na oili yake ni maalumu, karibu lita 10 kwa kubadilisha mara moja. Ukiweka oili ya gia ya kawaida umeiua. Foleni ya kupanda mlima kwa kusogea hatua mbili mbili inaipasha moto gia ile kuliko mbio za kilomita 200.

#9 MsafiriWaUkerewe

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kuhusu Audi R8 ya V8. Naona bei zake zimeshuka sana nje, na inaonekana imara. Ingefaa?

#10 DadaWaGereji

Marahaba. R8 4.2 ni jibu zuri kwa swali la uzi, farasi 420 na inazunguka mpaka 8,250. Ila chagua yenye gia ya mkono. Ile iitwayo R-tronic ni klachi moja inayokanyagwa na hidroliki badala ya mguu wako, na hidroliki haina huruma: kila ukisogea kidogo kwenye mlima inasugua klachi. Hapa mjini kwetu, penye kuanza kupanda Bugando na kusimama juu ya tuta, utabadilisha klachi kama unavyobadilisha breki pedi.

Mengine mawili. Petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna kinachoosha migongo ya valvu za kuingizia hewa. Masizi yanajikusanya mpaka gari inatetemeka asubuhi na inapoteza nguvu. Tiba ni kuvua manifoldi ya hewa na kupuliza unga wa maganda ya njugu za walnut kwa kompresa, silinda mojamoja, valvu zikiwa zimefungwa. Ukichokoa kwa bisibisi valvu ikiwa wazi, kipande kikidondoka ndani utajuta. Na shokapu zake zenye sumaku huvuja. Moja tu inagharimu sana, na za barabara yetu hazitaishi umri wa zile za Ujerumani. Wapo wanaozitoa na kuweka shokapu za kawaida pamoja na kifaa cha kuidanganya kompyuta isilalamike. Si dhambi.

#11 Igoma_Rejeta

Mmetaja wadudu wa ziwani halafu mkawaacha. Hao ndio watakaoua supagari Mwanza kabla ya matuta.

Gari yenye injini katikati kwa kawaida ina rejeta mbele kabisa, chini, na mdomo uko wazi. Elise, Evora, NSX zote. Ukipita barabara ya kando ya ziwa jioni lile wingu likiwa limeshuka, wadudu wanaingia mdomoni, wanapita kondensa ya AC na kunasa katikati ya kondensa na rejeta. Vumbi linakuja juu yake. Mvua kidogo, inakuwa saruji. Ukiangalia kwa mbele unaona kondensa safi, kumbe nyuma yake pamezibwa kama mkeka. Feni inafanya kazi, maji yapo, joto linapanda kwenye foleni tu na kushuka ukikimbia. Watu wanabadilisha thamostati bure.

Namna ya kuosha: injini ipoe. Vua plastiki ya chini. Piga maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa ndani kuelekea nje, kinyume cha upepo unavyoingia. Paka sabuni ya maji isiyo kali, acha dakika kumi, rudia mpaka maji yatoke hayana miguu na mabawa. Mashine ya kuoshea ya presha weka mbali. Mapezi ya alumini yanalala kama nyasi na hayasimami tena yote. Kwenye Elise kuitoa rejeta yenyewe kunahitaji kuvua ganda zima la mbele, kwa hiyo fanya usafi kila baada ya miezi miwili na hutafika huko. Wavu mwembamba wa alumini nyuma ya mdomo unasaidia, lakini si ule wa mbu wa dirishani. Ule unaziba hewa yenyewe.

Na maji yakishamwagwa kwenye gari hizi, kujaza si kama Corolla. Mabomba yanatoka mbele hadi nyuma chini ya milango, hewa inajificha njiani. Kuna viskrubu vya kutolea hewa zaidi ya kimoja. Fuata mpangilio wa kitabu cha gari husika, hita ikiwa wazi kwenye joto la mwisho, na usiondoke mpaka bomba la kwenda na la kurudi yote mawili yawe ya moto kwa mkono.

#12 Mkolani_Turbo

Hii post ibandikwe juu.

#13 MzeeWaPasiansi

Vijana, mbona Honda NSX haijatajwa? Ilitoka 1990, gari ya kwanza ya kuzalishwa kwa wingi yenye bodi nzima ya alumini. V6 lita 3.0 imelazwa kwa upana nyuma ya dereva, VTEC (pembe mbili za kamshafti kama ile 2ZZ), farasi 270, mikono ya pistoni ni ya titani ili iweze kuzunguka mpaka 8,000. Ayrton Senna aliijaribu Suzuka ikiwa bado inatengenezwa, na Honda wakaikaza bodi zaidi. Vioo vyake unaona nje pande zote kama uko kwenye kibanda cha nahodha. Zile za mwanzo za gia ya mkono hazina hata pawa stelingi, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa matuta yetu, ile ya kwanza ina rimu za inchi 15 mbele na 16 nyuma, tairi 205/50 na 225/50. Ukuta wa tairi ni mnene. Linganisha na GT-R ya inchi 20: shimo moja la Usagara na rimu imepata tabasamu.

Mambo ya kuangalia: mkanda wa taimingi upo, si cheni; umri unauua hata kama kilomita ni chache, na pampu ya maji ibadilishwe wakati huo huo. Mipira ya maji ni mingi sana na yote ina umri wa baba mzima, ibadilishwe yote kwa pamoja. Boksi za gia za mkono za miaka ya mwanzo zilikuwa na mfuo wa sirklipi (pete inayoshikilia beringi) uliochongwa vibaya kwenye baadhi yake. Sirklipi ikikatika, beringi inatembea na kesi inapasuka. Uliza namba ya boksi ilinganishwe na orodha kabla ya kulipa. AC ikianza kubadilisha upepo yenyewe, ni kapasita zilizovuja kwenye kidude chake cha dashibodi, fundi redio mzuri anazibadilisha. Na boliti: usichanganye boliti ya dukani kwenye alumini. Chuma kisicho na mipako na alumini vikikutana na unyevu vinalana. Za kiwandani zina mipako maalumu.

#14 JiweLaBismarck

Mzee, kila kitu sawa, ila NSX ya zamani bei yake imepaa. Imeshatoka kwenye orodha ya wanaodharauliwa. Inayodharauliwa sasa ni NSX ya pili, 2016 hadi 2022: V6 turbo mbili, mota tatu za umeme, gia tisa. Watu waliikataa kwa sababu haikuwa na sauti ya ile ya kwanza. Lakini betri yake ya volti kubwa hapa nani ataigusa?

Na McLaren MP4-12C ya 2011 pia imeporomoka bei, pamoja na beseni lake la kaboni la kilo 75. Haina zile fito za chuma za kuzuia gari kulala kwenye kona, kazi hiyo inafanywa na hidroliki. Vile vitungi vya gesi vinavyohifadhi presha vikichoka gari inakuwa ngumu kama mkokoteni. Bei ya kununua inakudanganya tu.

#15 SangaraMbichi

Jaguar XJ220 je? Nayo waliidharau.

#16 KamshaftiMbili

Hiyo ndiyo baba yao. Wateja waliahidiwa V12, wakaletewa V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, wakanuna mpaka mahakamani. Kumbe hiyo V6 mwaka 1992 ilifika kilomita 341 kwa saa kwenye duara la Nardò. Ila kubadilisha mkanda wa taimingi injini inatoka nje, na tenki lake la mafuta ni mfuko wa mpira wenye umri wa kuishi. Ya kuitazama.

#17 MsafiriWaUkerewe

Asanteni. Kodi ikoje kwa gari kama Evora ya 2010?

#18 DadaWaGereji

Kwa mfano wa CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini) milioni 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, inakuwa 125. Injini inayozidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa asilimia 10 ya hiyo 125, milioni 12.5. Uchakavu kwa gari ya miaka zaidi ya 10 ni asilimia 30, milioni 37.5. Jumla 175, halafu VAT asilimia 18 juu yake, milioni 31.5. Umefika 206.5 kabla ya tozo ndogo za reli na forodha na usajili. Kwa kifupi kodi inapita bei ya gari. Halafu TRA hawatumii bei uliyonunulia wewe, wana kikokotoo chao mtandaoni, weka mwaka na modeli hapo kwanza. Modeli adimu isipokuwemo, thamani itafanyiwa kazi na ofisa na itachukua muda bandarini.

#19 Mkolani_Turbo

Halafu 2GR iliyotajwa post ya kwanza ina ugonjwa mmoja wa kuua, msiuache. Paipu ya oili ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye injini za Toyota za miaka ya mwanzo ina kipande cha mpira katikati, kimebanwa ncha zote mbili. Mpira ukichoka unapasuka ghafla, injini inamwaga oili yote ndani ya dakika chache. Ukinunua 2GR ya kubadilishia kutoka Harrier au Vanguard, ingiza tochi na kioo kidogo upande wa cheni: ukiona mpira mweusi katikati ya paipu, badilisha na ile ya chuma tupu kabla ya kuiwasha. Na madoa ya waridi yaliyokauka chini ya pampu ya maji maana yake pampu imeanza kuaga.

#20 Igoma_Rejeta

Kwa bodi la Lotus msihangaike sana. Ganda ni faiba, na mafundi wa boti za faiba kando ya ziwa wanajua rezini na mkeka wake kuliko fundi bodi yeyote wa bati. Sharti moja: ufa wa faiba uchongwe kwa nyuma kwanza, mkeka uwekwe ndani, ndipo uje mbele na filla nyembamba. Ukijaza kwa mbele peke yake, mtetemo wa wiki mbili unaurudisha ufa pale pale.

#21 MsafiriWaUkerewe

La mwisho wakuu: kuitoa Dar hadi huku, kuendesha au kubebwa?

#22 MzeeWaPasiansi

Kubebwa. Ni zaidi ya kilomita 1,100, na matuta ya vijijini hayana kipimo kimoja. Tafuta lori la kitanda linaloshusha mkia, si lenye ngazi fupi mbili. Beba mbao nne za inchi mbili, urefu mita mbili, uziweke mbele ya ngazi ili pua ipande polepole; mtu mmoja achuchumae pembeni akiangalia bampa, dereva asikilize sauti yake tu. Mkanda upite juu ya tairi zote nne, usifungwe kwenye mkono wa sospensheni wala shafti. Ile pete ya kuvutia inayofungwa kwa kuzungusha mara nyingi iko kwenye mfuko wa zana, hakikisha ipo kabla gari haijatoka bandarini. Tenki robo inatosha. Funika mdomo wa mbele kwa turubai, ila ukifika Usagara livue uangalie kabla ya kushusha, maana mawe ya njiani yanapenda kujificha kati ya turubai na rejeta.